Nilivyoisoma Mifupa ya Baba

Mpaka nilipovuka miaka thelathini, sehemu pekee ya mwili wa baba yangu niliyoifahamu kwa kuigusa ilikuwa kiganja chake cha kulia. Tulisalimiana kwa mkono. Nilipofaulu shuleni alinipa mkono, nilipohama nyumbani akanipa mkono, na kila Krismasi tulipeana mkono mlangoni kama wajumbe wawili waliokutana kwenye mkutano wa chama cha ushirika. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mwenye kuongea polepole, aliyevaa shati lililopigwa pasi hata siku ambayo hakuwa na safari. Kwao, magharibi mwa nchi, mtoto wa kiume akishaota ndevu hamrukii tena baba yake shingoni, wala baba hamshikishiki mwanawe. Mapenzi yalipita njia nyingine. Alinibakizia kipande cha shingo ya kuku kwa sababu alijua nakipenda. Alinikatia habari za michezo gazetini akaniwekea chini ya kitambaa cha meza. Mimi nilijua, naye alijua kwamba najua, na tuliona hayo yanatosha.

Kilichotubadilisha ni kazi yangu.

Mimi ni mwalimu wa mazoezi. Nilianza ujanani, huko Kware, Nairobi, nilikopanga chumba, nikinyanyua vyuma tulivyojiundia wenyewe uani kwa kumwaga saruji ndani ya mikebe ya rangi na kuiunganisha kwa bomba. Mwili uliniitikia haraka. Mchana nilifanya vibarua viwandani, jioni nilinyanyua mikebe, na haikupita muda vijana tuliopanga nao ploti moja wakaanza kuniita coach kabla sijamfundisha mtu yeyote chochote. Baadaye nikapata kazi katika jimu moja kwenye mtaa wa Tena, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua chache kutoka nyumbani kwa wazazi wangu.

Mwenye jimu alikuwa mama mmoja mrefu aliyewahi kucheza netiboli. Sote tulimwita Madam. Siku moja alinikuta nikimwelekeza mteja kuvuta chuma, akasimama nyuma yangu na kunidonoa mgongoni, chini kidogo ya kwapa.

"Huu msuli unaitwaje?"

"Huo ni bawa, Madam."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kuku ndiye mwenye mabawa. We kijana una mwili poa sana, lakini unaufanyia kazi kama mtu anayeendesha gari na hajawahi kufungua boneti. Enda usome."

Nikaenda kusoma. Kozi ilikuwa ya Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi upande wa mjini, na somo la kwanza lilikuwa umbo la mwili wa binadamu: mifupa, viungo, misuli, kila kimoja kinashikana na nini na kinavuta wapi. Mwalimu wetu alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo aliyestaafu, mama mnene mwenye sauti ya chini na vidole vyenye nguvu za ajabu. Pembeni yake alining'inia mtu wa mifupa wa plastiki aliyekosa kidole kidogo cha mguu. Tulikuwa tukimsalimia kila tunapoingia.

"Picha za kitabuni zinawadanganya," mwalimu alituambia siku ile ya kwanza. "Humo misuli ni myekundu na imetenganishwa vizuri, kama nyama buchani. Lakini wateja wenu watakuja na ngozi. Kwa hiyo mtasoma kwa vidole. Kila mmoja atafute mtu mmoja ambaye atamsoma kila wiki mpaka mtihani, na siku ya mtihani atakuja naye. Tafuteni mtu mwembamba. Mtu mnene atawaficha mambo, na wanyanyua vyuma wenzenu watawachanganya."

Sikuwa na mtu mwembamba. Marafiki zangu wote walikuwa wa jimu, shingo zimezama mabegani. Jumapili baada ya kanisa nikaenda nyumbani nikamwomba mama. Mama ni fundi cherehani, na alikuwa amekaa mbele ya mashine yake karibu na dirisha, mahali pake pa siku zote.

"Mimi?" alisema. "Mara ya mwisho mifupa yangu kuonekana ilikuwa siku ya harusi." Kisha akaelekeza mkasi kwenye kiti cha upande wa pili, ambapo gazeti lililofunguliwa lilikuwa limemficha mtu kimya kimya. "Mchukue huyu. Huyu ni mifupa mitupu. Hata mbwa wa jirani humtazama kwa tamaa."

Gazeti likashuka. Baba alinitazama juu ya miwani.

"Inaumiza?"

"Haiumizi, Baba. Ni kugusa tu na kutaja majina."

"Itachukua muda gani?"

"Kila Jumapili, mpaka mtihani."

Alilikunja gazeti mara mbili, akalisawazisha kwa kiganja. "Basi tutaanza baada ya taarifa ya habari."

Alikaa kwenye stuli katikati ya sebule, akavua shati, akalitundika kwenye kiti, akabaki na fulana nyeupe. Nilisimama nyuma yake na kitabu changu kimefunguliwa juu ya meza, na sikujua pa kuanzia. Nilikuwa nimeshika mabega ya wageni wengi jimuni bila kufikiri. Haya yalikuwa ya baba yangu, madogo kuliko nilivyodhani, yenye madoa ya kahawia ambayo sikuwahi kuyaona. Mama alikuwa ameacha kushona. Nilimsikia akipumua.

Nikaweka vidole juu ya mfupa unaotoka kwenye koo kwenda begani. Baba alishtuka.

"Mikono yako ni baridi kama ya mhudumu wa mochari."

"Pole, Baba." Nikaisugua. "Huu ni klavikula."

"Kwa Kiswahili?"

Sikujua. Mwalimu alitupa majina ya hospitali tu. Baba aliinuka, akaenda kabatini akatoa kamusi yake iliyofungwa kwa utepe wa gundi, akarudi nayo kwenye stuli na kufunua kurasa taratibu. "Mtulinga," akasema hatimaye, akalirudia neno hilo kama anayeonja chai. "Mtulinga. Endelea."

Nikaendelea. Nikaufuata mtulinga wa kulia mpaka begani, ukawa laini na umenyooka. Nikaufuata wa kushoto, na katikati vidole vyangu vikakutana na nundu, kitu kigumu kama fundo kwenye kamba.

"Hapa ulivunjika?"

"Nilianguka kutoka juu ya mpera. Nilikuwa mdogo, sijaanza shule. Baba yangu alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni. Tulitoka asubuhi, tukafika jua linashuka. Njiani alikuwa ananiimbia, kwa sababu nilikuwa nalia." Alisafisha koo. "Baada ya hapo sikumbuki kama aliwahi kunishika tena. Lakini mgongo wake naukumbuka. Ulikuwa na jasho."

Mama alisema kutoka mashineni, "Hiyo hujawahi kuniambia hata mimi."

"Hakuna aliyeniuliza," baba akajibu.

Vidole vyangu vilikuwa bado juu ya ile nundu. Nilivitoa polepole, nikaenda kwenye mfupa unaofuata.

Hivyo ndivyo Jumapili zetu zilivyokuwa. Bapa la bega, ambalo nilimtaka alichezeshe kwa kupeleka mkono nyuma kana kwamba anajikuna. Mbavu, ambazo zilimtekenya mpaka akalalamika kwamba heshima inavunjwa. Kiwiko, na ule mshipa wa fahamu unaopita nyuma yake, ambao nilipougonga kwa bahati mbaya alitoa neno la kikwao lililomfanya mama ashike kichwa. Mimi nilileta majina ya hospitali, yeye akayatafutia ya Kiswahili, na mama akaongeza ya lugha ya nyumbani, mengine hayafai kusemwa siku ya Bwana. Baba aliyakariri yote. Nilimkuta siku moja akipiga pasi na kunong'ona majina ya misuli ya bega, pasi ikienda na kurudi kwa mahadhi yake.

Mwalimu alitushauri tuchore misuli juu ya ngozi kwa kalamu ya wino mzito, ili tuione inavyotanuka na kusinyaa. Jumapili hiyo baba alivua hata fulana. Nilikuwa nimemaliza mgongo wote, rangi nyekundu huku na ya kijani kule, mishale ikionyesha kila msuli unavuta upande gani, mlango ukabishwa, na kabla hatujasema neno wazee wa kanisa wakaingia. Walikuwa watatu, na Biblia zao, wamekuja kututembelea. Walimwona mzee mwenzao, mweka hazina wao wa zamani, amekaa kifua wazi na mgongo umechorwa kama ramani.

Nilitaka sakafu inimeze. Mama alikimbilia jikoni akisingizia chai, lakini nilimsikia akicheka ndani ya leso yake.

Baba hakutikisika. "Karibuni, karibuni mketi. Kijana wangu anasoma." Akawageuzia mgongo. "Huu mkubwa wa juu ni trapezi. Unashika kuanzia kisogoni. Mzee mwenzangu, wewe shingo inakuuma kila siku, si ndiyo? Basi ni huu. Hebu mwonyeshe, kijana."

Mmoja wa wazee, aliyekuwa dereva wa lori za baraza la jiji maisha yake yote, alisogea, akainama, akaweka miwani vizuri. "Na huu wa kijani?"

"Huo ndio unaoitwa bawa," baba akasema, "na watu wasiojua."

Maombi yalifanyika baadaye kidogo, baba akiwa amerudisha shati. Mzee aliyeongoza alimshukuru Mungu aliyetuumba kwa namna ya ajabu, na nadhani siku ile alimaanisha kila neno.

Tukafika miguuni, na huko ndiko mambo yalipobadilika.

Nilimlaza kwenye godoro sebuleni, suruali imekunjwa mpaka juu ya magoti. Nilianza na pia ya goti, nikapanda kwenye paja. Nilizungusha viganja vyangu kwenye paja la kulia, kisha la kushoto, nikarudia. La kushoto lilikuwa limepungua. Nikamwomba asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika kiti. Wa kulia alisimama sawasawa. Wa kushoto, kiuno kikaning'inia upande mmoja, na mwili mzima ukaegama kufidia. Mwalimu alikuwa ametuonyesha jambo hilo hilo wiki iliyotangulia. Msuli wa pembeni ya tako unapochoka, nyonga haina wa kuishikilia.

Nikamlaza tena. Nikaukunja mguu wa kushoto, nikajaribu kuuzungusha taratibu kwa nje na ndani. Ulikwenda kidogo, ukagoma. Uso wa baba haukusema kitu, lakini mkono wake uliushika ukingo wa godoro.

"Inauma, Baba?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nimesema hapana."

Cherehani ya mama ilinyamaza. Nyumba yetu bila sauti ya ile mashine ilikuwa kama nyumba ya watu wengine.

"Mwambie," mama akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ni nani anakuvalisha soksi."

Baba alitazama dari. Nilielewa kabla hajajibu. Mwenye nyonga isiyozunguka hafikii mguu wake kuuvalisha soksi. Mama alikuwa akipiga magoti mbele yake kila asubuhi, tangu sijui lini, akimvalisha soksi ya kushoto na kumfungia kiatu, halafu baba anatoka nje na shati lake lililonyooka na mtaa mzima unamwona mzima. Ilikuwa siri yao wawili. Hawakuificha kwa ubaya. Nadhani ilikuwa pia dakika yao ya asubuhi, na hawakutaka mtu aingie.

"Ni uzee," baba akasema. "Uzee si ugonjwa."

"Twende hospitali ikaangaliwe."

"Nikaambiwe nini? Nikalie kiti nisubiri? Baba yangu alitembea mpaka siku aliyokufa."

Mama akaingilia, baba akapandisha sauti, kitu ambacho hakukifanya hata nilipovunja kioo cha jirani utotoni. Nikaona kwamba kumbembeleza hakutasaidia. Nikakumbuka mtu niliyekuwa nazungumza naye ni nani. Nikachukua kitabu cha kozi, nikafungua ukurasa wa mwanzo, nikamwekea kifuani.

"Baba, mimi si daktari. Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni hiyo hapo. Tukikuta kitu kinachoumiza ambacho hatukielewi, haturuhusiwi kukifanyia mazoezi. Tunampeleka mtu kwa anayeelewa. Nikiendelea na wewe hivi nitakuwa nimevunja sheria."

Aliomba miwani yake. Akasoma akiwa bado amelala chali, midomo ikitembea. Akasoma tena. Alikuwa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote mahali ambapo ishara nyekundu haijadiliwi.

"Kumbe imeandikwa," akasema.

"Imeandikwa."

"Basi. Sheria ni sheria. Ungesema mapema."

Wiki hiyo tulikwenda. Daktari alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, akaitundika picha ya eksirei mbele ya taa na kutuonyesha kwa ncha ya kalamu. Upande wa kulia, kati ya kichwa cha fupapaja, ule mfupa wa paja, na shimo lake, kulikuwa na nafasi nyembamba nyeusi. Upande wa kushoto nafasi hiyo ilikuwa karibu haipo. Gegedu, ule utando laini unaozuia mfupa usisuguane na mfupa, lilikuwa limelika.

"Mzee," daktari alisema, "hii nyonga imefanya kazi."

Baba aliketi wima zaidi. Nilimwona amelipokea neno lile kama barua ya mapendekezo. "Ndiyo," akasema. "Imefanya kazi."

Hakuhitaji kupasuliwa, si kwa wakati ule. Alihitaji kuimarisha misuli inayozunguka kiungo, atembee kila siku, na awe na fimbo. Fimbo ndiyo ilileta mjadala. Kwanza aliishika mkono wa kushoto, upande unaouma, mpaka nikamweleza kwamba inashikwa mkono wa pili, ili iubebe mwili wakati mguu mbovu uko chini. Aliiona hoja hiyo, akaijaribu sebuleni, akakubali kwamba ni kweli. Kisha akakataa kutoka nayo nje. Mama alipatanisha. Akamletea mwavuli mrefu mweusi wenye mpini wa mbao, na baba akatembea na mwavuli mkono wa kulia kiangazi chote, chini ya anga lisilo na wingu, na hakuna mtu mtaani Tena aliyethubutu kumuuliza kama anatarajia mvua.

Mtaalamu wa hospitali alimpangia mazoezi na kunionyesha jinsi ya kuyasimamia. Kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika. Kulala ubavu na kuinua mguu. Kulala chali na kuinua kiuno. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba baba yangu hawezi kuhesabiwa. Nikisema moja, mbili, tatu, alikasirika na kusema yeye si mtoto wa chekechea. Akaanza kuhesabu mwenyewe, kwa majina ya stesheni za reli, kutoka Nairobi kwenda magharibi. Kila akiinua mguu alitaja moja. Kikuyu. Limuru. Uplands. Kijabe. Siku ya kwanza alichoka Kijabe, akalala akihema na kusema gari la moshi limekosa maji. Wiki zilivyopita akaipita Naivasha. Nilikuwa nikimpigia simu kutoka kazini.

"Umefika wapi leo?"

"Gilgil. Lakini nilichelewa kidogo pale mlimani."

Mama alisema amechoka kusafirishwa kila asubuhi bila tikiti.

Mtihani wangu ulifika baba akiwa katikati ya safari hizo. Alivaa suti. Nilimkumbusha kwamba atavua, akasema kuvua ni jambo moja na kufika ni jambo lingine. Mle ukumbini kila mwanafunzi alikuwa na mtu wake, wengi wao vijana, na baba akawasalimia wote mmoja mmoja, pamoja na yule wa plastiki.

Mtahini alikuwa mwanamume aliyenyoa kichwa, hakutabasamu hata mara moja. Sheria ilikuwa kwamba anayeguswa hasemi. Nilianza vizuri. Mtulinga, bapa la bega, kidari. Niliinua mkono, nikaukunja, nikataja. Vidole vyangu viliujua mwili ule kuliko nilivyojua chumba changu. Kisha mtahini akasema:

"Nionyeshe msuli unaoanza kuuinua mkono kwenda kando, kabla ule mkubwa wa begani haujachukua kazi."

Niliweka kidole mahali penyewe, juu ya bapa la bega, kwenye kile kibonde kidogo. Nikafungua mdomo, jina likakimbia. Nilisimama hapo na kidole changu juu ya msuli sahihi na kichwa kitupu. Nilimtazama baba. Alijua. Niliona kabisa kwamba anajua, kwa sababu lile jina alilinong'ona juu ya pasi zaidi ya mengine yote. Aligeuza macho akatazama ukuta, uso umetulia, kama karani aliyeombwa asafirishe mzigo usio na hati.

"Mahali ni sahihi," mtahini akasema, akaandika. "Jina limekosekana. Endelea."

Nilifaulu. Tulipotoka nje, baba na mwavuli wake, tulitembea pamoja mpaka barabarani. Halafu akasema, taratibu, silabi moja baada ya nyingine:

"Su-pra-spi-na-tasi."

"Baba! Mbona hukunipa hata herufi ya kwanza?"

"Mimi pale nilikuwa mfupa. Umeona wapi mfupa ukimnong'onezea mtahiniwa?"

Tulicheka mpaka akalazimika kusimama na kuegemea mwavuli. Mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara akacheka nasi bila kujua kwa nini.

Kozi ilipokwisha niliogopa kwamba tutarudi kwenye mkono wa mlangoni. Tulirudi kiasi. Lakini mazoezi yake yaliendelea, na mwili ukishazoea kuguswa haurudi kuwa mgeni mara moja. Ikawa nikifika, ananyoosha mkono, na baada ya mkono ananipiga begani. Mara nyingine ananibonyeza kidogo pale, kunikumbusha jina. Asubuhi moja mama alinipigia simu, sauti yake ina furaha na huzuni kwa pamoja, akaniambia kwamba baba amevaa soksi zote mbili mwenyewe. "Ilimchukua muda mrefu," alisema. "Nilikaa tu kitandani namtazama. Sasa mimi asubuhi nifanye nini?" Baadaye nikasikia wamepatana. Baba anavaa soksi, mama anafunga kamba za viatu, hata kama hahitajiki.

Sasa nina darasa la wazee siku za wiki asubuhi, katika ukumbi wa kanisa. Yule mzee dereva huja na shingo yake. Mama huja, akakaa, akatoa maoni. Baba husimama nyuma kabisa na kukataa kuniita coach.

Kuna jambo moja ambalo sikuwa nimelielewa miaka hiyo yote. Tangu nihamie Kware, wazazi wangu wakiwa karibu vile, baba hakuwahi kuja kwangu. Mama alikuja, akaosha vyombo vilivyokuwa tayari safi. Baba alisema siku moja atakuja. Nilidhani hapendi mahali penyewe, zile ghorofa zilizobanana mpaka mtu anaweza kuomba chumvi kwa jirani wa jengo la pili dirishani. Nilidhani ananionea haya. Sikukasirika, ila nilikuwa nimeliweka moyoni.

Jumamosi iliyopita simu ikalia. "Niko hapa chini. Milango yote inafanana. Wako ni upi?"

Nilishuka mbio. Alikuwa amesimama kwenye geti, shati jeupe, mwavuli mkononi, akitazama juu, ghorofa kwa ghorofa, nguo zimeanikwa kila upande.

"Ni ya ngapi?"

"Ya nne, Baba. Ungeniambia nikupitie nyumbani."

"Mama yako aliniambia ya nne. Ndiyo maana sikuwa nakuja." Alisema hivyo bila kunitazama, akaanza kupanda.

Alitangulia kwa mguu wa kulia, wa kushoto ukafuata, mkono mmoja kwenye ukuta. Kwenye kila kituo cha ngazi tulipumzika. Ghorofa ya pili akina mama waliokuwa wakifua walimpindulia ndoo akae, akakaa, akawauliza habari za watoto wao kana kwamba amekuja kuwatembelea wao. Tulipofika kwangu alikuwa anahema na jasho limemtoka kwenye paji, na alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Alikagua chumba. Aligusa kitanda, akatazama jiko, akasoma cheti changu ukutani kuanzia juu mpaka chini pamoja na maandishi madogo. Nilimpikia chai. Kupitia dirishani alisalimiana na mwanamke wa jengo la pili aliyekuwa akianika shuka, na mpaka chai inaisha walikuwa wamegundua kwamba kijiji cha mumewe hakiko mbali na chetu.

Wakati wa kuondoka alisimama juu ya ngazi na kuzitazama. Wengi hudhani kupanda ndiyo kazi, lakini nyonga inajua kwamba kushuka ni kugumu zaidi.

"Mguu mbovu unatangulia," nilimwambia. "Mimi niko mbele yako."

Nikashuka kidato kimoja, nikageuza mgongo. Akaweka mkono wake begani mwangu, vidole vikakaa juu ya mtulinga, na tukaanza kwenda, kidato kwa kidato, tukiwapisha watu waliokuwa wakipanda na mitungi ya maji, wao wakisema shikamoo mzee, yeye akijibu kila mmoja. Tulifika chini. Tukavuka geti, tukaingia barabarani ambako hakuna ngazi wala shimo, na hakuuondoa mkono.